Kitovu Huchagua Wenye Nguvu

Bibi Hobokela alifika kumi na moja, akaacha kuhesabu.

Alikuwa anasimama na kukaa, anasimama na kukaa, kwenye kiti kisicho na pa kuegemeza mikono, pamoja na wenzake kumi na wanane waliojipanga ndani ya ukumbi wa mazoezi. Kwa nusu dakika, unaweza kunyanyuka mara ngapi? Hicho ndicho kipimo walichoanza nacho kila Jumatatu. Nje, mvua ya Tukuyu ilipiga bati bila haraka na bila dalili ya kuacha. Tusajigwe, aliyekuwa anaongoza mazoezi, alimwona bibi akisimama wima na kutazama mbele kama mtu aliyesikia akiitwa, kisha magoti yakamlegea.

"Mshikeni!"

Ambakisye, mwashi mwenye mwili mkubwa aliyekaa kiti cha jirani, alimdaka kabla kichwa hakijagonga sakafu. Akamlaza kwenye mkeka taratibu, kwa ile mikono yake mipana ambayo watoto wa mtaani walikuwa wanaikodolea macho.

Midomo ya bibi ilikuwa imegeuka kijivu. Alitapika maji matupu. Tusajigwe alipiga magoti, akamwinamia.

"Bibi, unaitwa nani?"

"Yule ndama amefungwa?" Bibi Hobokela aliuliza.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Kotisoli ilikuwa imemwishia mwilini, ile homoni inayomwamsha mtu asubuhi na kushikilia shinikizo lake la damu lisiporomoke. Kila mmoja pale ukumbini alifunga kiunoni mkoba mdogo wenye sindano ya dharura kwa ajili ya siku kama hiyo. Tusajigwe aliufungua mkoba wa bibi, akaichoma sindano pajani, juu ya kitenge, na kuishikilia hapo akihesabu kimoyomoyo. Alipofika kumi bado bibi alikuwa anatetemeka. Alipofika mia mbili, macho yalimrudia, akaanza kulia kwa sauti ndogo.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, hakuna aliyerudi kwenye kiti chake.

"Wa tatu huyu, Mwalimu," alisema Subilaga, mama aliyevaa miwani minene. "Wa tatu ndani ya wiki kumi."

Wa kwanza alikuwa Mzee Lusekelo, na yeye hakuzinduka tena. Wa pili, fundi cherehani wa Kiwira, mpaka leo alikuwa hawezi kumaliza sentensi. Tusajigwe aliutazama ubao wa ukutani ambako waliandika waliofanya vizuri. Jina la Lusekelo lilikuwa bado juu kabisa: matembezi ya dakika sita, mita mia tano na themanini. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifuta. Chini yake, kwa mwandiko wake Tusajigwe mwenyewe, fundi cherehani. Na chini ya fundi, tangu wiki mbili zilizopita, Hobokela.

"Nendeni nyumbani," aliwaambia. "Mpumzike. Mle chumvi kidogo, mnywe maji."

Sauti yake ilitoka imara.

* * *

Miaka minne nyuma, Tusajigwe alikuwa akifundisha michezo kwenye shule ya sekondari, na uso wake ulikuwa umeanza kuwa mviringo. Watu walimpongeza kwa kunawiri. Tumbo likakua, mikono na mapaja vikakonda, ngozi ya kiunoni ikapasuka mistari ya zambarau. Mwaka wa pili akawa hawezi kupanda ngazi za ofisi ya walimu bila kushika ukuta. Siku moja aliinua ndoo ya maji, na pingili ya uti wa mgongo ikavunjika kwa mlio ambao hakuwahi kuusahau.

Ulikuwa uvimbe mdogo kama harage, kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Haukuwa saratani. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuuamuru mwili utengeneze kotisoli usiku na mchana bila kupumzika. Homoni hiyo ikipungua, mtu huanguka. Ikizidi, inamla misuli na mifupa kidogo kidogo. Madaktari walishindwa kuutoa kwa sababu ulikuwa umejikumbatisha kwenye mshipa mkubwa wa damu.

Badala yake waliupandikizia kidhibiti. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya ufuta, kikapitishwa puani hadi kwenye tezi. Hakikuua uvimbe. Kiliukalia kama mtu anayeshika koki ya bomba: alfajiri kinafungulia, wakati wa mazoezi au homa kinafungulia zaidi, jioni kinafunga. Wapo waliokuwa na uvimbe wa aina nyingine, kama Ambakisye, ambaye wake ulimwaga homoni ya ukuaji hadi taya, mikono na moyo vikapanuka. Kwake kidhibiti kilizuia uvimbe huku kikichochea kipande cha tezi kilichobaki kizima kiendelee kuamuru kotisoli. Vidhibiti vyote thelathini na tisa vya wilaya viliripoti kila siku kwenye kompyuta moja pale kliniki. Waliiita Kitovu. Kitovu kilijifunza kutoka kwa kila mwili na kuvifundisha vidhibiti vyote, na ndiyo maana Tusajigwe, aliyekuwa anashikwa mkono kutoka chooni, hivi karibuni aliweza kunyanyuka mara kumi na saba kwa nusu dakika.

Alikaa peke yake ukumbini, kishikwambi mapajani. Kama kiongozi wa mazoezi aliruhusiwa kuona namba za kila mtu. Alifungua mstari wa kotisoli ya alfajiri wa Bibi Hobokela.

Ulikuwa umeshuka mara tatu ndani ya siku tisa. Haukuyumba kama unavyoyumba mwili wa mtu anayeugua. Ulishuka kwa vipimo vilivyolingana, siku tatu, ngazi; siku tatu, ngazi; kama ngazi za zege zilizopimwa na fundi anayejua kazi yake.

Akafungua wa Mzee Lusekelo. Ngazi tatu, siku tisa. Akafungua wa fundi cherehani, huku akijiombea aone kitu kingine. Ngazi tatu.

Kisha akaona jambo jingine, ambalo lilimfanya akiweke kishikwambi chini kwanza. Siku mbili baada ya kila anguko, matokeo ya wengine wote yalipanda. Mita za kutembea, nguvu za kubana kiganja, kunyanyuka kitini. Baada ya Lusekelo, yeye Tusajigwe alitoka kumi na mbili hadi kumi na nne. Baada ya fundi, kumi na saba. Alikumbuka alivyofurahi. Alikuwa ameleta keki.

Alikaa muda mrefu kabla hajaufungua mstari wake mwenyewe.

Ulikuwa umeshuka ngazi mbili.

Alivuta kiti. Akakunja mikono kifuani, akaanza. Alipofika tisa mapaja yalianza kuwaka. Nusu dakika ilipokwisha alikuwa amefika kumi na tatu, na ilimbidi ashike ukingo wa meza asirudi chini.

* * *

Daktari Ndimbo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye nywele fupi zilizoanza mvi. Ndiye aliyempandikizia Tusajigwe kidhibiti chake.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Bibi ameanza kuongea vizuri, usijali. Kaa."

Tusajigwe hakukaa. Aliogopa hatainuka. Aliweka kishikwambi mezani, mistari minne imepangwa juu chini.

Daktari aliitazama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alipotaka kusema jambo la kupoteza maboya, Tusajigwe alimkatiza.

"Mimi ni wa nne. Nina siku ngapi?"

Mvua iliendelea. Daktari aliinuka akafunga mlango.

"Siku mbili," alisema. "Labda tatu. Sikukiagiza mimi, Tusa. Nakuapia. Niliona baada ya fundi."

"Kinafanya nini?"

"Kinajifunza ukingo." Daktari alikaa tena, mikono yake imebana ukingo wa meza. "Kotisoli ikizidi inawala. Ikipungua mnaanguka. Afya yenu iko katikati, na kadiri Kitovu kinavyojua mtu huangukia wapi, ndivyo kinavyoweza kuwasogeza wengine karibu na pale bila kuwaangusha. Ndiyo maana mnapata nguvu. Ila ukingo haujulikani mpaka mtu afike. Tulikiambia kilinde watu thelathini na tisa. Hatukukiambia kilinde kila mmoja wao."

"Na kinachaguaje?"

Daktari alikigeuza kishikwambi, kikalala kifudifudi.

"Wenye nguvu," alisema mwishowe. "Aliye dhaifu ataanguka upesi mno, hakitajifunza kitu. Kinamtaka mwenye akiba. Aliyefanya mazoezi."

Tusajigwe aliuona akilini ubao wa kule ukumbini. Aliona Bibi Hobokela siku ya kwanza, akinyanyuka mara nne huku akicheka kwa aibu, na yeye Tusajigwe akimsukuma: moja zaidi, bibi, moja zaidi, unaweza. Miezi saba ya moja zaidi.

"Kizime," alisema.

"Nikikizima, vidhibiti vinabaki kwenye kipimo kimoja tu, mchana, usiku, ukiwa mzima, ukiwa na homa. Malaria ya kwanza inamwondoa mtu. Na wale wenye uvimbe mkubwa, wako kumi na mmoja, uvimbe utaamka. Subilaga atapofuka kabla ya mwaka kwisha." Alivuta pumzi. "Mwezi ule Lusekelo alipofariki, watu wanne walipata homa kali. Kwa hesabu za zamani wawili wangekufa. Hakufa hata mmoja, kwa sababu ya kile kilichojifunza kwake. Hicho ndicho kilichonifunga mdomo. Nimewaandikia waliokiunda mara nne. Wananijibu kwamba matokeo ni mazuri."

"Kiamuru kiache."

"Hakipokei amri ya namna hiyo. Kinapokea mifano tu."

Tusajigwe alikuwa amesimama kwa muda mfupi tu, na tayari miguu ilikuwa inamsihi akae. Alimkumbuka fundi cherehani wodini, akitafuta neno "sindano" kwa dakika nzima na kuambulia machozi.

"Kuna kitu kimoja naweza," Daktari alisema bila kumtazama. "Naweza kukuwekea alama ya homa. Kitovu hakimgusi mtu mwenye homa. Kitakurudishia kipimo chako leo hii."

"Halafu?"

"Kitamchukua mwingine. Sitajua nani mpaka kianze."

Angeweza kuuliza zaidi. Angeweza kusema ngoja nifikirie, nizungumze na wenzangu. Baadaye alijaribu sana kukumbuka kama alisita. Hakusita. Kwa hofu, kilichotoka mdomoni mwake kilikuwa neno moja.

"Niwekee."

* * *

Jumatano nguvu zilimrudia. Alhamisi alipanda ngazi za nyumbani kwake mbili mbili, akafika juu, akaketi kwenye kizingiti na kuuficha uso viganjani.

Kila asubuhi alifungua mistari ya watu wote, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepekua mifuko ya nguo za marehemu. Alhamisi hiyo hiyo aliona ngazi ya kwanza. Ilikuwa ya Ambakisye.

Alijiambia huenda ni mafua. Jumapili ikashuka ya pili.

Jumatatu Ambakisye alikuja ukumbini mapema kama kawaida yake, akapanga viti, akachukua kile kifaa cha kubana kiganja. Alikuwa na miaka arobaini na minane. Ugonjwa ulikuwa umemtoa kwenye uashi miaka sita, viungo vikimuuma kama vimejazwa mchanga, na miezi mitatu tu ilikuwa imepita tangu apande tena kwenye jukwaa la ujenzi. Alibana. Akatazama namba. Akabana tena kwa mkono mwingine.

"Dada Tusa, hiki kifaa kimeharibika? Kinaniambia thelathini na nane. Wiki iliyopita nilikuwa hamsini na moja."

"Hakijaharibika," Tusajigwe alisema.

Alikuwa amepanga maneno tangu Alhamisi. Alipofungua mdomo hayakuwapo. Akamwambia yote ovyo ovyo, ngazi, ukingo, Lusekelo, alama ya homa, akianzia katikati na kurudi nyuma, na Ambakisye akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kifaa bado mkononi.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Leo?"

"Iliyopita."

Ambakisye alikiweka kile kifaa juu ya kiti kwa uangalifu, kana kwamba ni kitu cha kuvunjika. Taya lake kubwa lilikuwa linacheza.

"Juzi nilikuwa juu ya ukuta wa ghorofa ya pili," alisema. "Nikaona kizunguzungu. Kijana aliyekuwa chini yangu ana mke mjamzito. Ningemwangukia yule, Dada Tusa."

"Najua."

"Hujui. Ulikuwa nyumbani kwako."

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza. Tusajigwe alisimama mbele yake na kulia, na yeye hakumbembeleza. Baada ya muda akauliza, "Nikiwekewa na mimi hiyo alama, anaingia nani?"

"Sijui. Mwenye nguvu anayefuata."

"Na wewe Alhamisi utafungua tena hiyo mistari uangalie ni nani." Akavuta kiti, akakikalia kwa uzito. "Hapana. Waite wote. Na huyo daktari naye aje."

* * *

Walikuja thelathini na watatu. Wengine walitoka Katumba na Masoko, wakiwa na matope hadi magotini. Daktari Ndimbo alisimama mbele yao bila koti lake jeupe na kueleza kila kitu.

Kisha kila mtu akasema kwa wakati mmoja.

Mtoto wa kike wa Lusekelo, ambaye naye alirithi ugonjwa, alitaka kwenda kuivunja hiyo kompyuta kwa shoka saa hiyo hiyo. Mwanamume mmoja wa Masoko, Gwakisa, alisema dawa ni ndogo, watu wajifanye wanyonge, wanyanyuke mara tano tu na kukaa. Daktari akatikisa kichwa: Kitovu kinasoma misuli yenyewe, hakisomi hesabu za ubaoni. Na alama ya homa ikikaa kwa wote muda mrefu, kotisoli itazidi na kuwala tena. "Basi tuache mazoezi kweli," Gwakisa alisema, na Tusajigwe aliona watu kadhaa wakitazamana, wakipima. Aliona walivyokuwa tayari kurudi kwenye miguu ile isiyobeba, kwa hofu tu.

Subilaga ndiye aliyewanyamazisha. Aliinuka, miwani yake ikimeremeta.

"Mnasema zima, mnasema vunja. Mimi ndiye nitakayepofuka, na nimo humu ndani. Niangalieni mnaposema." Akageuka kwa Daktari. "Lakini sitaki kuona kwa sababu Hobokela alilala chini akiulizia ndama. Hilo nalo sitaki. Kwa hiyo tafuteni njia nyingine, ninyi mliosoma."

Tusajigwe alikuwa nyuma, karibu na mlango. Alikuwa anakumbuka maneno ya Daktari, na fikra ilimjia ikiwa imefungamana na woga kiasi kwamba alitamani isingemjia.

"Daktari. Ulisema kinapokea mifano."

"Ndiyo."

"Kinajuaje mtu amefika ukingoni? Kinaona nini?"

"Kinaona shinikizo la damu limeanza kuporomoka. Halafu kinaona sindano ya dharura imeingia. Pale sindano inapoingia, ndipo kinapoweka alama."

"Na kama sindano ikiingia mapema?"

Daktari alifungua mdomo, akaufunga. Tusajigwe alimwona akipiga hesabu.

"Kitaamini ukingo uko pale," alisema polepole. "Kitawaweka wote mbali zaidi na hatari. Mtakuwa na kotisoli nyingi kidogo kuliko inavyofaa. Mtakuwa wazito kidogo, dhaifu kidogo kuliko sasa. Ila hakitamshusha mtu kupita hapo tena." Kisha akainua mkono. "Msifurahi. Mtu akichoma akiwa mzima, Kitovu hakihesabu. Lazima awe ameanza kuanguka kweli. Mkichelewa kwa dakika chache, ni yale yale ya Lusekelo. Na mfano mmoja kitauona ni kasoro. Kinahitaji watu saba, wanane, wafanye vile vile."

Kila mtu alitazama mahali ambapo hapakuwa na macho ya mwenzake.

"Mwekee Ambakisye alama ya homa," Tusajigwe alisema. "Mimi niondolee yangu. Nirudishe."

* * *

Siku tisa ni nyingi kwa mtu anayezihesabu. Ngazi ya kwanza hakuihisi. Ya pili ilimfanya achoke kupiga mswaki. Kila asubuhi aliamka akitamani apate homa ya kweli, na kila asubuhi alijipima joto kwa matumaini aliyoyaonea haya. Mara moja alishika simu ili ampigie Daktari amwambie ameghairi. Aliirudisha mezani, akaketi juu ya viganja vyake.

Siku ya tisa, saa tatu asubuhi, alilazwa kwenye mkeka katikati ya ukumbi. Dirisha lilikuwa wazi, na ukungu wa Rungwe uliingia hadi ndani. Daktari alikuwa kulia kwake na mashine, maji ya mshipa yameshaning'inizwa. Ambakisye alikuwa kushoto. Alikuwa ameomba yeye ndiye ashike sindano, na Tusajigwe hakujua kama ameomba kwa wema au kwa sababu nyingine, na hakuthubutu kuuliza.

Wenzao walisimama wamejipanga ukutani.

Ilikuja kwa kichefuchefu kwanza. Kisha sauti zikasogea mbali, kama watu wamehamia chumba cha pili. Alijaribu kunyanyua goti, likakataa. Alilitazama kama goti la mtu mwingine. Baridi ilianzia vidoleni ikapanda. Alijua namba zote, alijua kila kinachotokea ndani ya mishipa yake na kwa nini, na kujua huko hakukumsaidia kitu. Alimtaka mama yake, ambaye alikuwa amezikwa miaka kumi na miwili iliyopita.

"Shinikizo tisini," Daktari alisema. "Themanini na nne. Limeanza."

"Dada Tusa," Ambakisye alisema. Uso wake ulikuwa mkubwa sana na karibu sana. "Unaitwa nani?"

Jina lilikuwapo. Lilikuwa mbali, lakini lilikuwapo, na alilifuata.

"Tusajigwe."

"Binti wa nani?"

"Wa Mwaipopo." Akaanza kulia bila machozi. "Kaka, naogopa. Naogopa sana."

"Sabini na nane," Daktari alisema. "Bado. Tukichoma sasa kinaweza kisihesabu. Bado anajua jina lake."

"Ndiyo maana," Ambakisye alisema, akaichoma.

Daktari aliikodolea skrini macho. Tusajigwe alihisi moto mdogo ukitambaa kutoka pajani, na kwa mbali sana alisikia mtu akimwomba Mungu.

"Kimeweka alama," Daktari Ndimbo alisema. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Kimeweka. Kwa pembeni, na kiulizo, lakini kimeweka."

"Mmoja," alisema Gwakisa kutoka ukutani.

"Mmoja," Daktari alikubali.

Waliangaliana. Tusajigwe aliwaona kutoka pale chini, viatu vyao kwanza, kisha magoti, kisha nyuso. Walikuwa wameona kila kitu. Walikuwa wamemsikia akisema anaogopa. Alifikiri: sasa wataondoka, na sitawalaumu hata mmoja.

Viatu vya plastiki vya kahawia vilijitenga na ukuta, vikaja hadi kwenye mkeka. Subilaga aliketi sakafuni kwa shida, akaufungua mkoba wake wa kiunoni, akaiweka sindano yake juu ya mkeka.

"Daktari, niandike mimi," alisema. "Wanaonizidi nguvu wawekee alama ya homa, kianze kunishusha kesho, kabla sijapata akili. Nani atanishikia sindano?"

Tusajigwe alitaka kuinua mkono. Mkono haukuja. Ikabidi aseme.

"Mimi."

"Wewe huwezi hata kukaa, Mwalimu."

"Ni siku tisa," alisema Tusajigwe. "Nitakuwa nimekaa."